Pumzi Haiishii Kifuani

Asubuhi ya Jumamosi moja, nikiwa nimekimbia kutoka Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, Uganda, hadi daraja la zamani la Nalubaale na kuanza kuupanda mwinuko wa kuelekea Njeru, miguu ilinigomea. Nilisimama kando ya barabara, mikono magotini, nikitweta kwa sauti iliyowafanya wapita njia wageuke. Kijana mmoja wa boda ya baiskeli, ambaye alikuwa akiupanda mwinuko uleule huku akisukuma gunia la makaa, alinipita akitabasamu kwa heshima na kuniambia, "Pumua, mwalimu, pumua!" Nilitaka kumjibu kwamba kupumua ndilo jambo pekee nililokuwa nikilifanya kwa wakati ule, lakini sikuwa na pumzi ya kumjibia.

Nimefundisha biolojia katika shule za sekondari hapa Jinja kwa miaka 19, na kila mwaka, tukifika katika mada hii, huwaambia wanafunzi wa kidato cha tatu kwamba kuvuta na kutoa hewa ni jambo moja, na kazi ya seli ya kuitoa nishati iliyomo katika chakula ni jambo jingine. Kwa Kiingereza, lugha tunayofundishia, mambo hayo mawili yana majina mawili tofauti kabisa, na mwanafunzi anayeyachanganya hupoteza alama. Nyumbani Walukuba, ambako nilikulia katikati ya familia za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, za reli na za askari, tunazungumza Kiswahili, na Kiswahili kina kupumua tu. Vitabu vya sayansi vinavyotaka kusema lile jambo la pili hulazimika kuongeza neno na kuandika "upumuaji wa seli". Kwa muda mrefu niliuona huo kuwa upungufu wa lugha yangu. Siku hizi, baada ya kuanza kukimbia nikiwa na umri wa miaka 46, nimeanza kushuku kwamba Kiswahili kiliona mbali zaidi, kwa sababu hewa inayoingia puani haina kazi yoyote kifuani. Kifua ni kituo cha kupitia tu, na safari yenyewe huishia ndani ya seli.

Jirani yangu ambaye ni muuguzi aliniazima kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni ambacho wengi wetu tulikifahamu wakati wa Korona, kinachoonyesha ni asilimia ngapi ya hemoglobini ya damu imebeba oksijeni. Nikiwa nimekaa sebuleni kilisoma 97. Jumamosi iliyofuata nilikwenda nacho mfukoni hadi palepale nilipokuwa nimeshindwa, nikashindwa tena kwa uaminifu mkubwa, nikakibana kidoleni huku nikiyumba, nacho kikasoma 96. Nilikitazama kwa muda nikidhani kimeharibika. Damu yangu ilikuwa imejaa oksijeni karibu sawasawa na nilipokuwa kwenye kochi, ilhali kifua kilikuwa kikipiga kama mvukuto wa mhunzi.

Maelezo yake nilikuwa nayo miaka yote, ila sikuwahi kuyahisi mwilini. Sehemu ya chini ya ubongo inayoamrisha kasi ya kupumua husikiliza zaidi kiasi cha kaboni dioksidi na ukali wa asidi katika damu kuliko inavyosikiliza oksijeni. Mtu aliyetulia huvuta hewa ya lita 6 hadi 8 kwa dakika. Akifanya kazi nzito sana anaweza kupita lita 100. Sehemu kubwa ya jitihada hiyo ni ya kufukuza moshi wa jiko linalowaka kwa nguvu mahali pengine. Jiko hilo limo ndani ya misuli ya mapaja, na ndiko swali langu lilikotakiwa kwenda.

Tuanze na sahani ya posho, yaani ugali, na maharage, kwa kuwa ndiyo iliyonilea na ndiyo inayowalisha wanafunzi wangu. Wanga wa mahindi huvunjwa mdomoni na utumboni ukawa glukosi, sukari ndogo yenye kaboni 6, ambayo damu huigawa mwilini. Ndani ya seli, katika ute ulio nje ya kiini, vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kemia ya mwili, huikata glukosi vipande viwili vya kaboni tatutatu vinavyoitwa piruveti. Hatua hiyo haihitaji oksijeni hata chembe, ni ya haraka mno, na faida yake ni ATP 2 tu. ATP ndiyo sarafu ambayo seli hutumia kulipia kila kazi, iwe ni kukunja msuli, kusukuma chumvi nje au kujenga protini. Fosfati yake ya mwisho ikibanduka, nishati hupatikana, na kilichobaki hurudishwa kiwandani kikabandikwe fosfati nyingine. Mwili hauna akiba ya maana ya sarafu hiyo. Kwa wakati wowote mtu mzima huwa na ATP isiyozidi robo kilo hivi mwili mzima, lakini kwa siku nzima hutengeneza na kutumia kiasi kinachokaribia uzito wake mwenyewe, jambo linalowezekana kwa sababu molekuli ileile hujazwa na kumwagwa mamia ya mara kwa siku.

Faida kubwa iko kwenye mitokondria, vile viwanda vidogo vilivyomo ndani ya seli. Piruveti zikiingia humo hukutana na mzunguko wa vimeng'enya unaozivua kaboni moja baada ya nyingine na kuzitoa kama kaboni dioksidi. Mzunguko huo ulielezwa mwaka wa 1937 na Hans Krebs, Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyefukuzwa kazi na Wanazi mwaka wa 1933 akahamia Uingereza, akafanyia kazi hiyo mjini Sheffield. Jarida la Nature lilimrudishia taarifa yake kwa maelezo kwamba lilikuwa na barua za kutosha kwa wiki kadhaa zijazo, akaichapisha kwingineko, na mwaka wa 1953 akapewa Tuzo ya Nobel. Hadithi hiyo huwasimulia wanafunzi ambao insha zao nimezirudisha.

Krebs alipata Nobel lakini hakufafanua ATP nyingi hutokea vipi, na hapa ndipo mtu wa Jinja ana bahati, kwani jibu liko kando ya mji wake. Bwawa la Nalubaale, ambalo lilifunguliwa mwaka wa 1954 likiitwa Owen Falls, halitengenezi umeme kwa kuchoma kitu chochote. Huzuia maji upande mmoja, kisha huyaruhusu yapite mahali pamoja tu, kwenye mitambo 10 inayozungushwa na maji hayo. Mwaka wa 1961 Mwingereza Peter Mitchell alipendekeza kwamba mitokondria hufanya vivyo hivyo. Elektroni zinazovuliwa kutoka kwenye chakula hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine kwenye utando wa ndani, na nishati inayopatikana katika kupokezana huko hutumika kusukumia protoni, yaani chembe za haidrojeni zenye chaji chanya, upande wa pili wa utando, zikarundikana kama Ziwa Nyanza linavyorundikana nyuma ya bwawa. Protoni hizo zina njia moja ya maana ya kurudia, nayo ni kupitia protini inayozunguka kwelikweli, yenye mhimili na mbawa, ambayo katika seli za wanyama kama sisi hugeuka mzunguko mmoja kwa kila protoni 8 na kutoa ATP 3. Wanasayansi wengi walimkatalia Mitchell kwa miaka mingi, na Nobel yake ilikuja mwaka wa 1978. Nikipita darajani asubuhi nikasikia mngurumo wa chini kwa chini, huwa najiuliza ni mingapi ya mizunguko hiyo inafanyika ndani yangu kwa ajili ya hatua moja tu, halafu askari hunitazama kwa sababu hapo si mahali pa kusimama na kutafakari.

Oksijeni inaingia wapi basi? Inaingia mwishoni kabisa, na kazi yake ni ya unyonge kuliko tunavyodhani. Elektroni zilizochoka, zikiwa zimekwisha kupokezanwa, lazima zipate mtu wa kuzichukua, la sivyo mstari wote hukwama kama magari kwenye daraja lililofungwa. Oksijeni huzichukua pamoja na protoni, na hugeuka kuwa maji. Narudia jambo hili darasani kila mwaka kwa sababu halimei kichwani kwa urahisi: ile oksijeni uliyoivuta haitoki tena ikiwa ndani ya kaboni dioksidi; imekuwa maji ndani yako. Oksijeni iliyomo katika kaboni dioksidi unayoitoa ilitoka kwenye chakula na maji. Kwa hesabu ya sasa glukosi moja ikipita njia yote hii huleta ATP 30 hadi 32 hivi. Kitabu nilichosomea mimi kilisema 38, na bado nina wanafunzi wanaoleta nambari hiyo kutoka kwenye madaftari ya kaka zao.

Anayetaka kuona kwamba kupumua hakumalizikii mapafuni na akumbuke yaliyotokea wilayani Kasese mnamo Septemba 2017. Watu waliokula unga wa muhogo waliugua kwa wingi, wagonjwa 98 kwa jumla, na wawili wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba ni sumu ya sianidi, ambayo muhogo mchungu huwa nayo usipolowekwa na kukaushwa ipasavyo. Sianidi haizibi koo wala haiharibu mapafu. Inaketi kwenye protini ya mwisho ya mstari ule, palepale ambapo oksijeni inapaswa kupokea elektroni, na kuizuia. Mgonjwa anavuta hewa, damu yake imebeba oksijeni tele, hata damu ya mishipa ya kurudi moyoni huwa nyekundu kuliko kawaida kwa sababu oksijeni haikutumika, na bado seli zake zinakosa hewa. Bibi zetu waliotuambia muhogo mchungu ulale majini siku kadhaa walikuwa wakiilinda protini hiyo moja bila kuijua kwa jina.

Sasa turudi kwenye mwinuko wa Njeru. Misuli inapoanza kazi ghafla, ATP iliyomo haidumu zaidi ya sekunde mbili au tatu. Akiba ya pili ni kriatini fosfati, ambayo hutoa fosfati yake papo hapo na kuifikisha kazi kwenye sekunde 10 hivi. Wakati huo ile njia ya haraka ya kukata glukosi inakuwa imeshika kasi, nayo mitokondria inajivuta taratibu, kwani inangoja moyo uongeze mapigo, mishipa ya misuli ipanuke na damu igeuziwe njia. Nikiwa nimekaa, misuli yangu hupata kama sehemu moja katika tano ya damu inayotoka moyoni. Katika mbio kali sehemu hiyo hupanda hadi kufikia nne katika tano, na tumbo na figo huachiwa kidogo, ndiyo maana anayekimbia baada ya kula roleksi mbili, zile chapati za kuviringwa na mayai, hujuta.

Kwa uwiano wa njia hizo nchi yetu ina mifano miwili mizuri kabisa. John Akii-Bua alipochukua dhahabu mjini Munich mwaka wa 1972 katika mita 400 kuruka viunzi, akitumia njia ya kwanza ya uwanja yenye kona kali zaidi, muda wake ulikuwa sekunde 47.82, na mbio za muda huo hulipiwa kwa sehemu kubwa na ile njia ya haraka isiyongoja oksijeni. Joshua Cheptegei aliweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 mjini Monaco tarehe 14 Agosti 2020 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, yaani mizunguko kumi na miwili na nusu, kila mmoja kwa sekunde 60 na ushei. Zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya mbio za namna hiyo hutoka mitokondriani. Wote wawili wanaitwa wakimbiaji, lakini kwa jicho la seli ni mafundi wa karakana mbili tofauti.

Hapa lazima nikiri kosa. Kwa zaidi ya miaka 10 nilifundisha kwamba oksijeni ikipungua misulini, piruveti hugeuka asidi ya laktiki, kwamba asidi hiyo ni taka, kwamba ndiyo inayochoma misuli, na kwamba maumivu ya kesho yake ni mabaki yake. Nilifundisha hivyo kwa sababu nilifundishwa hivyo, na mwalimu wa michezo aliyekuwa akitupigia filimbi alisema hivyohivyo. Chimbuko lake ni la zamani na la heshima: mwaka wa 1907 Fletcher na Hopkins wa Cambridge walionyesha kwamba misuli ya chura iliyokatwa na kunyimwa oksijeni hurundika asidi hiyo, na inapopewa oksijeni hupungua. Kazi ya Archibald Hill na Otto Meyerhof, waliogawana Nobel ya mwaka wa 1922, ilijengwa juu ya msingi huo. Lakini msuli uliolala mezani hauna damu inayopita, hauna ini wala moyo wa jirani, na humo ndimo tulimopotelea.

Kile kinachotokea katika mwili ulio mzima ni lakteti, yaani asidi ya laktiki iliyokwisha kuachia protoni yake, na hutengenezwa hata oksijeni ikiwapo, hata sasa ninapoandika nikiwa nimekaa. Glukosi ikikatwa kwa kasi kuliko mitokondria zinavyoweza kupokea, seli inakabiliwa na tatizo la wachukuzi: zile molekuli zinazobeba elektroni kutoka kwenye hatua ya kwanza zimejaa zote, na zisipopakuliwa, hata ukataji wenyewe utasimama. Piruveti hukubali kupakiwa mzigo huo, ikawa lakteti, na wachukuzi wanarudi kazini. Hamira ina tatizo lilelile na imelitatua kwa njia nyingine: huigeuza piruveti kuwa pombe na kaboni dioksidi, na povu linalochemka kwenye chungu cha malwa au kwenye mtumbwi wa kukamulia tonto ni hewa hiyo ikitoka. Lau misuli yetu ingefuata njia ya hamira, kila mkimbiaji angefika mwisho wa mbio akiwa amelewa.

Lakteti haitupwi. Kuanzia miaka ya 1980 George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha kwamba husafirishwa kutoka seli moja hadi nyingine kama chakula. Moyo huila kwa hamu, nyuzi za misuli zenye mitokondria nyingi huila, na ini huirudisha kuwa glukosi na kuituma tena. Baada ya mbio kali kiwango chake katika damu hurudi kawaida ndani ya saa moja hivi, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayokufanya ushuke ngazi kinyumenyume siku mbili baadaye. Maumivu hayo hutokana na michubuko midogomidogo ya nyuzi za misuli na ukarabati wake. Ule mwako wa wakati uleule una sababu kadhaa, zikiwamo asidi inayoongezeka pamoja na kazi kali na fosfati zinazorundikana baada ya ATP kuvunjwa kwa kasi. Muhula uliopita nilirudi darasani nikafuta sentensi yangu ubaoni. Mwanafunzi mmoja aliuliza iwapo waliomaliza shule nao watajulishwa.

Baba yangu mdogo hakuhitaji kujulishwa. Aliendesha boda ya baiskeli katika miaka ya 1990, akibeba abiria na magunia kati ya Masese na soko kuu, na alikuwa na kanuni mbili ambazo nilizidharau kwa kuwa mimi nilikuwa na cheti naye hakuwa nacho. Ya kwanza ni kwamba kilima huanzwa polepole kuliko unavyojisikia, kwani mapaja yakishawaka hayazimiki ukiwa bado unapanda. Ya pili ni kwamba ukifika juu usishuke ukakaa, bali endelea kukanyaga taratibu hadi pumzi itulie. Ya kwanza ni kubaki chini ya ile kasi ambayo lakteti hutengenezwa upesi kuliko inavyoliwa. Ya pili pia imepimwa na ikaonekana ni kweli: anayeendelea kusogea kidogo huondoa lakteti katika damu haraka kuliko anayejibwaga chini, kwa sababu misuli inayofanya kazi nyepesi inaichoma. Nilipomweleza hayo mwezi uliopita, alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kwa hiyo mlichukua miaka mingapi?"

Kanuni ya kwanza inanirudisha Kololo, tarehe 26 Machi 2017, siku ya mashindano ya dunia ya mbio za nyika. Tulitazama kwenye televisheni ya kibanda cha chai, watu wamejaa hadi barabarani. Jacob Kiplimo alikuwa ameshinda mbio za vijana, na katika mbio za wanaume Cheptegei akachomoka, akawaacha wengine nyuma kwa sekunde nyingi, nasi tukaanza kushangilia kabla ya wakati. Katika mzunguko wa mwisho miguu yake ilianza kwenda upande, akawa kama mtu anayetembea ndani ya maji, Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita, wakampita na wengine, naye akamaliza wa 30. Sikuwa ndani ya misuli yake na sitadai kujua. Lakini kila alichokionyesha siku ile, katika joto la mchana wa Kampala, kinalingana na mwili uliokwenda kwa muda mrefu juu ya kasi ambayo mitokondria na mfumo wa kupoza unaweza kuilipia. Ikumbukwe kwamba misuli hugeuza kuwa mwendo kama robo tu ya nishati inayoitumia, au pungufu; iliyobaki yote ni joto, na joto lazima litoke kwa jasho na kwa damu inayopelekwa kwenye ngozi, damu ileile ambayo misuli nayo inaidai. Mjini Paris mwaka wa 2024 alishinda dhahabu ya mita 10,000 akiwa mtulivu hadi mwisho, na baba mdogo alisema huyo sasa amejifunza kilima.

Mtu aliyesimama huendelea kutweta kwa dakika kadhaa, ingawa miguu haifanyi tena kazi. Hill aliliita hilo deni la oksijeni, na jina limedumu ingawa si deni lote linalolipwa kwa kitu kimoja. Kriatini fosfati inajazwa upya, oksijeni inarudishwa kwenye hemoglobini na kwenye misuli, sehemu ya lakteti inageuzwa glukosi kwa gharama ya ATP, na joto la mwili lililopanda linazifanya seli zote zitumie oksijeni zaidi kwa muda. Kiswahili kina neno pumzika, ambalo limetoka kwenye pumzi ileile. Sijui lugha nyingine inayosema kwa neno moja kwamba kutulia ni kazi ya kuvuta hewa.

Mwaka wa 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha hesabu za nchi 168, na Uganda ikawa na asilimia ndogo kuliko zote ya watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha, 5.5 tu. Tulijisifu sana, ingawa sifa ni ya jembe, dumu la maji na miguu ya watu wasio na nauli. Mimi nilikuwa ndani ya ile 5.5: boda hadi shuleni, kiti hadi jioni, boda hadi nyumbani, na kitambi ambacho wanafunzi walikipa jina ambalo sitaliandika.

Sasa naukwea mwinuko wa Njeru bila kusimama, si kwa kasi ya kujivunia. Mapigo ya moyo wangu nikiwa nimetulia yameshuka kutoka 84 hadi 68 kwa dakika, kwa kuwa moyo ulioimarika husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Lakini mabadiliko yanayonishangaza ni yale yasiyohesabika kwa kidole. Mwaka wa 1967 John Holloszy wa St. Louis, Marekani, alichapisha majaribio ya panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa, akaonyesha kwamba uwezo wa mitokondria za misuli yao wa kutumia oksijeni uliongezeka karibu maradufu. Msuli unapopungukiwa na ATP mara kwa mara, mabaki ya ATP hurundikana na kuziamsha protini zinazoziambia jeni za seli zijenge mitokondria nyingine. Yaani uhaba wenyewe ndio unaotoa agizo. Vishipa vyembamba vya damu navyo huongezeka kuzunguka nyuzi za misuli, hivyo oksijeni hupata njia fupi zaidi. Mapafu hayabadiliki sana, na hilo huwakatisha tamaa wanaofikiri wanakimbia ili wapanue kifua.

Faida hiyo haina hatimiliki. Mwezi wa Juni malaria ilinilaza kwa siku tisa, na nilipojaribu tena mwinuko nilikuwa nimerudi nilikoanzia au chini yake, kwani vimelea huvunja chembe nyekundu za damu na kuwapunguza wachukuzi wa oksijeni, na mitokondria zisizotumika nazo hupunguzwa ndani ya wiki chache. Chembe nyekundu zenyewe, kwa njia, hazina mitokondria hata moja. Zinabeba oksijeni ya mwili mzima kwa siku 120 bila kuionja, zikiishi kwa zile ATP 2 za ukataji wa glukosi tu, na kila nikizieleza darasani huwafikiria mama zetu wa sokoni.

Kuhusu kitambi, watu huniuliza mafuta yalikwenda wapi, na wengi hudhani yameyeyuka kwa jasho au yametoka chooni. Mwaka wa 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Australia walipiga hesabu ya kemia yake: kilo 10 za mafuta zikichomwa kabisa, kilo 8.4 hutoka kama kaboni dioksidi kupitia mapafuni, na 1.6 zilizobaki huwa maji. Kitambi changu, kile kilichopungua, nimekitoa kwa pumzi kipande kwa kipande juu ya Mto Nile, ingawa kutweta pekee ukiwa kitini hakusaidii, kwani lazima kwanza kaboni ivuliwe mitokondriani.

Mwaka huu nimebadilisha mpangilio wa somo. Sianzi tena na mlinganyo ubaoni. Ijumaa natia maharage yaliyoanza kuota kwenye chupa moja ya chai, na yaliyochemshwa yakafa kwenye chupa ya pili, nimeyaosha yote kwa dawa ya kuua vijidudu ili yasioze na kuniharibia jaribio, naziba kwa pamba na kutia kipimajoto katika kila moja. Jumatatu iliyopita chupa ya waliokufa ilisoma nyuzi 24, sawa na maabara. Ya waliohai ilisoma 31. Msichana wa dawati la mbele aliweka kiganja juu ya pamba, akakiondoa upesi, akasema, "Mwalimu, haya yana homa," na aliyekuwa nyuma yake akauliza yanapumulia wapi. Niliwapa nusu saa wajadiliane kwa lugha yoyote waitakayo. Waliokuwa wakizungumza Kiswahili walimaliza kwanza.